Baiskeli ya Tope na Baiskeli ya Changarawe

Mpwa wangu, ambaye katika mambo mengi ni kijana wa busara na katika jambo la baiskeli ni majinuni, alinijia barazani alasiri moja, akanipa shikamoo, akaketi, akanyamaza kitambo cha heshima, kisha akatoa simu yake na kunionesha picha mbili. "Mjomba," alisema, "ungekuwa wewe, ungechukua ipi?" Nilivaa miwani, nikaisogeza simu mbele na nyuma kama tufanyavyo watu wa umri wangu, nikaona baiskeli mbili zilizofanana kama mapacha: zote mbili zilikuwa na usukani uliopinda kuelekea chini mithili ya pembe za kondoo dume, zote mbili zilikuwa na matairi yenye meno, na zote mbili zilikuwa nyembamba kwa namna ya kumtia wasiwasi mtu aliyezoea kufunga gunia la nazi nyuma ya kiti. Nilimjibu ya kuwa sioni tofauti, na pasipo na tofauti bei ndiyo kadhi. Achukue iliyo rahisi. Alicheka kicheko cha kijana anayemsamehe mzee, akanifahamisha ya kuwa moja ni baiskeli ya saiklokrosi na ya pili ni baiskeli ya changarawe, na kwamba kuna watu wazima, wenye kazi na watoto, ambao hukesha wakibishana juu ya hizo mbili.

Nilidhani ni upuuzi. Tangu siku ile nimeuliza, nimesoma, nimepima kwa rula, nimewaudhi mafundi wawili kwa maswali, na leo naona haya kwa jibu langu la kwanza. Maana tofauti ipo, tena ni kubwa, ingawa haipo mahali ambapo wauzaji hutuonesha.

Mji wetu wa Tanga ni tambarare, mitaa yake imenyooka, na tangu nilipopata akili baiskeli imekuwa humo kama mashua ilivyo Pangani, yaani chombo cha kazi kwanza na cha fahari baadaye. Kwa hiyo msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini gazeti lipoteze wino kwa vyombo vya michezo ya wageni. Jibu ni kwamba vyombo hivyo vimekwisha kutufikia. Makontena ya mitumba kutoka Ulaya hayaleti makoti na magodoro pekee. Huleta na baiskeli ambazo wenyewe wamezichoka, na miongoni mwake huonekana mara kwa mara fremu nyepesi za mashindano ambazo muuzaji hajui jina lake wala kazi yake. Kaskazini mwetu, jirani zetu wa Kenya wana mashindano ya changarawe katika nchi ya Wamasai tangu 2021. Na mwendeshaji wao aliyekuwa taa ya wengi, marehemu Suleiman Kangangi, aliyeshika nafasi ya tatu katika Tour du Rwanda ya 2017, alifikwa na mauti Agosti 2022 akiwa katika mashindano ya changarawe huko Vermont, Marekani. Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kupokea ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani. Vijana wetu wameyaona haya yote kwa macho yao katika simu zao. Wanadunduliza akiba, wanakopa kwa dada zao, na wanakwenda kununua kitu ambacho hakuna mtu wa kuwaeleza kilitengenezwa kwa ajili gani.

Saiklokrosi ilizaliwa Ufaransa ikalelewa Ubelgiji. Mwanzoni mwa karne iliyopita waendeshaji wa mashindano, ambao majira ya baridi yaliwanyima barabara kavu na hivyo kuwanyima mazoezi, walikuwa na desturi ya kushindana kutoka mji hadi mji kwa njia ya mkato, wakikata mashamba, wakivuka mitaro, wakiruka nyua za watu, na pale baiskeli iliposhindwa kumbeba mtu, mtu akaibeba baiskeli begani akakimbia nayo. Askari mmoja wa Kifaransa, Daniel Gousseau, ndiye atajwaye kuwa aliyeutia mchezo huo katika utaratibu, na ubingwa wa kwanza wa Ufaransa ukashindaniwa mwaka 1902. Octave Lapize aliposhinda Tour de France ya 1910, sehemu ya sifa ilipewa mazoezi yake ya matopeni, na kuanzia hapo mchezo uliokuwa kama wazimu wa majira ya baridi ukapata hadhi. Ubingwa wa dunia ulianza mwaka 1950 mjini Paris, na mshindi wake wa kwanza alikuwa Jean Robic, mtu yule yule aliyekuwa ameshinda Tour de France miaka mitatu kabla yake.

Lakini atakaye kuujua mchezo wenyewe sharti awaze Flanders, upande wa Ubelgiji wanakosema Kiflemi, katika siku ya baridi ya Desemba, mvua ikinyesha nyembamba na bila huruma, malisho ya ng'ombe yamezungushiwa utepe na kugeuzwa uwanja, na maelfu ya watu wamesimama katika tope lililofika vifundoni, mkononi viazi vya kukaanga, wakingoja kwa furaha ambayo mtu wa pwani hawezi kuielewa. Mzunguko wa uwanja ni baina ya kilomita 2.5 na 3.5. Muda wa wanaume wakubwa ni kiasi cha saa moja. Njiani huwekwa vizuizi vya mbao visivyozidi sentimita 40 kwa urefu, huwekwa ngazi, na huachwa miteremko ambayo mbuzi mwenye akili angeizunguka. Na huko Koksijde, kando ya bahari, waendeshaji hupitishwa katika vilima vya mchanga laini kama pumba ambao ungemshinda hata mtu wa ufukwe wetu wa Raskazone. Mwendeshaji hushuka baiskeli ingali inakwenda, huinyanyua, huruka kizuizi, huirudisha chini na kurukia kiti pasipo kusimama, na ustadi wenyewe umo zaidi katika kule kushuka na kupanda kuliko katika kukanyaga pedeli.

Jambo moja lililonishangaza kuliko yote ni kituo cha mafundi. Kando ya mzunguko hutengwa mahali ambapo kila mwendeshaji ana watu wake, nao wana baiskeli yake ya pili, na pengine ya tatu, iliyooshwa, iliyotiwa mafuta, inayomngoja. Tope likizidi, yeye huingia na chombo kilichoganda tope, hukitupa, hudaka kingine kisafi na kuondoka. Mafundi huikimbiza ile chafu penye pampu ya maji yenye nguvu, na dakika chache baadaye, atakapopita tena, huwa tayari. Bingwa wa saiklokrosi aweza kubadili baiskeli mara nyingi katika saa ile moja kuliko mimi nilivyobadili katika umri wangu wote.

Sasa tazama namna mazingira hayo yalivyoiumba baiskeli yenyewe. Shirikisho la kimataifa, UCI, limeweka sheria kwamba katika mashindano yake tairi lisizidi milimita 33 kwa upana, basi tairi ni jembamba, na fremu imeachiwa nafasi pande zote ili tope lipite. Ekseli ya pedeli imeinuliwa juu ili mtu akanyagapo penye makorongo asigonge ardhi. Magurudumu mawili yamekaribiana na uma wa mbele umesimama wima zaidi, ili chombo kikate kona kali baina ya miti na vigingi. Bomba la juu aghalabu ni bapa upande wa chini, kwa hisani ya bega litakalolibeba. Mahali pa kufunga chupa ni pachache, na pa kufunga karia mara nyingi hapapo kabisa, kwani katika saa moja ya baridi nani atakunywa, na atabeba mzigo gani? Gia zake zimekaribiana na hazishuki sana, kwa sababu uwanjani hakuna mlima mrefu, na kilima kisichopandika kwa pedeli hupandwa kwa miguu.

Hicho ni chombo kilichokamilika kwa kazi yake. Sioni ndani yake aibu wala nakisi. Ila kazi yake ni saa moja.

Baiskeli ya changarawe ina nasaba nyingine. Katikati ya Marekani, katika jimbo la Kansas, kuna nyanda za majani ziitwazo Flint Hills, yaani Vilima vya Gumegume, na jina hilo si la mapambo, kwani barabara za mashamba zilizopita humo zimetandazwa mawe yale yale makali ambayo zamani yalichongwa vichwa vya mishale. Mwaka 2006, katika mji mdogo wa Emporia, watu 34 walijipanga kushindana katika barabara hizo kwa maili 200, ambazo ni takriban kilomita 322; mashindano hayo leo yanaitwa Unbound na hukusanya maelfu. Wale 34 hawakuwa na baiskeli ya changarawe, kwa kuwa haikuwepo. Walikwenda na walivyokuwa navyo, wengine na baiskeli za milimani, wengine na za saiklokrosi, na ni maumivu yao, mtu anapokaa juu ya kiti saa kumi, kumi na mbili, hata usiku ukamkuta njiani, ndiyo yaliyowafundisha watengenezaji. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 zikaanza kutoka fremu zilizokusudiwa kazi hiyo pekee: magurudumu yameachana zaidi ili chombo kitulie katika mteremko wa mawe, uma umelala kidogo, ekseli ya pedeli imeshuka ili mtu akae ndani ya baiskeli badala ya kukaa juu yake, mahali pa tairi la milimita 40, na siku hizi 45 na hata 50, na matundu ya skrubu kila upande, ya chupa tatu, ya mikoba, ya karia, ya kila kitu ambacho msafiri huhitaji asipokuwa na mtu wa kumpa.

Hapo ndipo nilipolipata swali ambalo, kwa rai yangu, lapasa litangulie vipimo vyote na bei zote: nani anakungojea njiani? Mtu wa saiklokrosi anangojewa. Baiskeli ya pili i tayari, fundi yu tayari, maji ya kuoshea yapo, na nyumbani si mbali. Mtu wa changarawe, isipokuwa katika vituo vichache vilivyowekwa, hangojewi na mtu. Likipasuka tairi ni lake, ukikatika mnyororo ni wake, njaa yake ameibeba mfukoni, na pale alipo ni mbali sawa na alikotoka na aendako. Tofauti zote nilizozitaja, za nyuzi na milimita na matundu ya skrubu, ni matawi ya tofauti hii moja. Mpwa wangu nilipomuuliza swali hilo alifikiri kidogo akasema, "Hakuna mtu, mjomba. Labda wewe." Nami sina pampu ya maji.

Baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa karani katika shamba moja la mkonge, na kazi yake ilimtaka azunguke kutoka kambi hadi kambi kuandika hesabu za vibarua, katika njia za udongo mwekundu zilizonyooka baina ya safu za mkonge hadi macho yakachoka. Alikuwa na Raleigh nyeusi, yenye kifuniko cha mnyororo, kengele ya shaba iliyong'arishwa kila Ijumaa, na uma uliolala mbele kama mtu aliyejinyosha baada ya chakula. Ilikuwa nzito, yapata kilo ishirini, na haikuwa na gia hata moja. Ubavuni mwa tairi lake paliandikwa 28 x 1½. Juzi nilipokuwa nikisoma jedwali la vipimo vya matairi, nikitafuta jambo jingine kabisa, nilikuta kwamba tairi hilo katika hesabu ya siku hizi linaandikwa milimita 40. Nilicheka peke yangu barazani. Wahandisi wa Marekani, baada ya kuzunguka kwa miongo mingi katika dunia ya matairi membamba kama kidole, wakiamini kwamba wembamba ndio mwendo, walirudi kwenye tairi la karani wa mkonge. Wakaweka na uma uliolala, wakaweka na magurudumu yaliyoachana, wakaongeza gia na kupunguza nusu ya uzito, wakakiita kitu kipya. Simdharau mtu kwa hilo. Nasema tu kwamba mwenzetu wa Tabora au Kahama, ambaye tangu utoto anapanda baiskeli ya Phoenix katika barabara ya moramu, aonapo baiskeli ya changarawe hana haja ya kuona ugeni. Aulize tu kuhusu gia na breki, mengine anayajua.

Gia, basi, tuzitaje, kwa kuwa ndizo zimwachazo mtu njiani. Baiskeli nyingi za zamani za saiklokrosi zina sproketi mbili mbele, ya meno 46 na ya meno 36, na nyuma kubwa kuliko zote pengine ni ya 28. Mtu akitumia iliyo nyepesi kabisa, kila mzunguko mmoja wa pedeli humpeleka kama mita 2.7. Baiskeli ya changarawe yenye meno 40 mbele na 42 nyuma humpeleka mita mbili na kidogo. Tofauti ya sentimita sitini na kitu yaweza kuonekana ndogo kwa msomaji aliyekaa. Lakini apande kutoka Muheza kwenda Amani, ambako barabara hupinda na kupinda msituni na kila kona huahidi kilele kisha haitimizi, na atazihisi sentimita zile katika magoti, moja moja. Kwenye uwanja wa Flanders angeshuka akakimbia hatua hamsini. Katika milima hii ya Usambara hatua hizo ni elfu kadhaa, na jua liko juu.

Insafu yanidai niseme upande wa pili. Njia hiyo hiyo ya Amani, masika yakiingia, hugeuka mfinyanzi mwekundu ambao hushikamana na tairi, na tairi pana la changarawe, likiwa limejaza nafasi yote ya fremu, huukusanya udongo kama mwanamke akusanyavyo unga wa andazi, mpaka gurudumu haligeuki tena. Udongo mweusi wa mbuga ni mbaya zaidi. Hapo tairi jembamba la saiklokrosi, lenye nafasi kubwa kandokando, huendelea kupita wakati jingine limekwama. Na litakapokwama nalo, bomba lake bapa litalikaribisha bega kwa ukarimu. Wala hili si la kwetu tu. Mwaka 2023 huko Emporia mvua ilizigeuza baadhi ya barabara kuwa gundi, na watu waliokuwa na baiskeli za thamani ya gari dogo walionekana wakizibeba mabegani maili kadhaa na kuzikwangua kwa vijiti vya kukorogea rangi, ambavyo wenye uzoefu hufika navyo mfukoni. Nimeipima hoja hii kwa muda mrefu kuliko nyingine zote. Kilichonielemeza upande wa changarawe ni kalenda: masika ni miezi michache, vuli ni fupi zaidi, na mtu wa Tanga aonaye wingu limetanda juu ya Usambara huahirisha safari, hali mtu wa Flanders aonaye wingu hilo hilo hujiandikisha.

Kuna hoja nyingine ambayo mpwa wangu aliileta kwa shangwe kubwa, nayo ni ya mabingwa. Ubingwa wa dunia wa changarawe ulipoanzishwa mwaka 2022 huko Veneto, Italia, mwanamume aliyeshinda alikuwa Gianni Vermeersch wa Ubelgiji, mtu aliyekulia katika saiklokrosi. Na ulipofanyika Leuven mwaka 2024, walioshinda walikuwa Mathieu van der Poel na Marianne Vos, Waholanzi wawili ambao mataji yao ya dunia ya saiklokrosi hayahesabiki kwa vidole vya mkono mmoja. Je, si dalili kwamba mambo haya mawili ni mamoja? Nilimjibu kwamba ni dalili ya miguu ya Van der Poel na Vos, na kwamba hao hawanunui baiskeli. Hupewa, tena na watu wanaowangojea njiani.

Hoja iliyo nzito, na ambayo sikuweza kuitupa kwa maneno, ni fedha. Ile picha ya saiklokrosi haikuwa ya dukani. Ilikuwa ni baiskeli halisi, mtumba, iliyotundikwa kwa fundi mmoja chini ya mkungu, na bei yake haikufika robo ya ile ya changarawe. Tukaenda kuitazama. Fremu ilikuwa ya alumini, nyepesi hata fundi aliinyanyua kwa kidole kimoja ili kututamanisha. Breki zake zilikuwa za zamani, za kubana rimu kwa mpira na waya, na chini ya ekseli ya pedeli, ndani ya uwazi ambao hakuna kitambaa kingefika, palikuwa na tope la kijivu, kavu, gumu kama saruji. Nililikwangua kwa kucha. Tope la Tanga ni jekundu au jeusi. Lile lilikuwa limevuka bahari.

Nataka niwe mkweli, breki zile zilinivutia. Baiskeli mpya za changarawe huja na breki za diski, na nyingi kati yake huendeshwa kwa mafuta badala ya waya. Nyingine hubadili gia kwa umeme wa betri. Ni vitu vizuri sana mpaka siku viharibikapo Korogwe. Breki ya waya na mpira hutengenezwa na fundi yeyote aliye chini ya mti wowote kutoka hapa hadi Kigoma, na anayenunua ya changarawe namsihi atafute yenye diski za kuvutwa kwa waya, hata muuzaji akimcheka. Lakini tuliporudi kwenye mtumba wetu na kutoa rula, mambo yakageuka. Tairi la milimita 40 lingeingia kwenye uma wa mbele kwa raha. Nyuma, baina ya vyuma viwili vinavyoshika gurudumu, lingebaki na nafasi ya milimita mbili kila upande, yaani jiwe moja dogo tu lingetosha kuchuna fremu. Sehemu ya kufunga karia haikuwepo. Chupa moja tu ingekaa. Kisha fundi, kwa nia njema kabisa, akatuambia tusihangaike na matairi kwa kuwa ya 28 yapo kila duka.

Hapa nisimame kidogo, maana wengi wamepoteza fedha mahali hapa. Dukani kwetu "28" ni jina la vitu viwili visivyooana. Tairi la 28 x 1½, lile la baba yangu na la Phoenix, hukaa juu ya rimu yenye kipenyo cha milimita 635. Tairi la baiskeli hizi za mashindano, za saiklokrosi na za changarawe sawasawa, ambalo nalo katika lugha ya zamani huitwa 28, hukaa juu ya rimu ya milimita 622. Milimita 13 ni kama upana wa kidole, na hazishindwi kwa nguvu wala kwa bisibisi. Mnunuzi asiulize namba ile kubwa iliyochorwa ubavuni. Atafute ile ndogo yenye tarakimu tatu, na asipoiona asitoe hela. Mpwa wangu alikuwa hajui. Fundi naye alikuwa hajui, na alipopima akashika kichwa, kwa kuwa mwezi uliopita alimuuzia mtu jozi nzima.

Kwa hiyo niliyomwambia mpwa wangu tukiwa njiani kurudi, naye akinisukumia baiskeli yangu kwa heshima ambayo sikuiomba, ni haya. Kama angekuwa anakaa Ghent, huko Flanders, na kila Jumapili ya baridi kuna uwanja wa tope umbali wa dakika ishirini, na rafiki wa kumshikia baiskeli ya pili, ningempa sehemu ya fedha kwa mkono wangu anunue ya saiklokrosi. Kama mtumba ule ungekubali tairi la 40 nyuma, ningemwambia auchukue leo hii, abadili sproketi, na kilichobaki cha akiba anunulie tyubu na nauli ya kwenda Kenya. Lakini haukukubali, na yeye anataka kwenda Pangani na kurudi, kupanda Amani, kulala Lushoto, na siku moja kujipanga mstari mmoja na wale wa mashindano ya Maasai Mara, Kenya. Na katika safari zote hizo, kama alivyokiri mwenyewe, hakuna amngojaye. Angoje miezi minane, adundulize, anunue ya changarawe yenye breki za waya. Alininunia mpaka Chumbageni. Amekwisha kulipa kishika uchumba, na simu yake imejaa picha za mikoba.

Ule mtumba umepata mwenyewe. Niliupita alfajiri ya juzi, nilikuwa nikitoka msikitini: usukani wa pembe za kondoo umeng'olewa, umewekwa ulionyooka, nyuma imefungwa karia ya chuma, na kwa kuwa matundu ya skrubu hayakuwepo, fundi ameikaza kwa klempu na kamba za mpira wa tyubu, juu ya karia limekaa sanduku la mikate ya boflo, yenye mvuke bado. Kijana aliyeuendesha alifika penye kibanda cha kwanza, akarusha mguu wa kulia juu ya fremu na kushuka chombo kingali kinakwenda, akakimbia nacho hatua tatu, akatoa mikate minne, akapokea hela, akasukuma, akarukia kiti bila kukitazama. Alifanya hivyo kibanda cha pili, na cha tatu, na penye mtaro wa maji machafu aliinyanyua baiskeli nzima na sanduku lake akavuka. Mzunguko wake, aliniambia nilipomsimamisha, ni kama kilomita tatu, na saa moja hivi humtosha kuumaliza mara nne, kwa sababu kila arudipo tanurini tajiri wake huwa amesimama mlangoni na sanduku jingine limejaa, akimngojea.